Bushi Imekataa: Kutafuta Kosa Kwenye Kipimo Kabla ya Kuilaumu Shaba

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, karakana za Mtwara, Masasi na Lindi hujaa kazi zinazofanana: malori yanayoyumba mbele kwa sababu kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) zimelika, mashine za kubangua zenye mikono inayocheza, na boti zilizopandishwa ufukweni wakati wa kusi ambazo sasa wenyewe wanataka zirudi majini. Nyingi ya kazi hizo huishia kwenye kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati. Bushi hukerezwa kwa nusu saa na kupigwa kwa dakika tano, kisha siku nzima inapotea kwa sababu shafti haiingii, au imeingia ikakaza, au bushi yenyewe inazunguka pamoja na shafti.

Matatizo haya karibu yote yana mzizi mmoja. Bushi iliyo mezani si ile itakayokuwa ndani ya nyumba yake, yaani kile kipande chenye tundu kinachoishikilia. Ukiisukuma kwenye tundu dogo kuliko yenyewe inabanwa, na kwa kuwa haina pa kwenda nje, inakwenda ndani. Tundu lake linapungua. Fundi aliyepima mara moja tu, mezani, amepima kitu ambacho baada ya dakika tano hakitakuwepo tena.

Namba zinazotakiwa kabla ya kuwasha mashine ya kereza

Unahitaji kipenyo cha tundu la nyumba, kipenyo cha shafti, mkazo utakaoupa bushi (yaani bushi izidi tundu kwa kiasi gani), na nafasi unayotaka ibaki kati ya shafti na bushi kazi ikiisha. Kosa likitokea, rudi kwenye namba hizi kwanza. Kama hukuziandika, huna pa kuanzia, utabaki kubahatisha kwa msasa.

Tundu la nyumba lipimwe mara sita: mdomoni, katikati na mwisho, na kila sehemu kwa pande mbili zinazokatana kama msalaba. Tumia kipima tundu cha kutanuka chenye umbo la T, kisha soma kwa maikromita. Vernia haitoshi. Vernia ya kawaida inasoma kwa hatua za 0.02 au 0.05 mm, na kazi yote ya mkazo inafanyika ndani ya 0.03 hadi 0.06 mm. Isitoshe, midomo yake ya ndani ni bapa kidogo, hivyo kwenye matundu madogo husoma pungufu ya ukweli. Vernia ni ya kukata urefu na kukereza kwa makadirio, basi.

Mfano ufuatao tutaurudia mara kwa mara. Shafti ni ya 35 mm, na ukiipima mahali ambapo haijalika inasoma 34.97. Nyumba ni ya chuma kinene, na tundu lake ni duara la 45.02. Kanuni nzuri kwa bushi ya bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) kwenye nyumba ya chuma ni mkazo wa takriban sehemu moja ya elfu ya kipenyo, kwa hiyo hapa 0.045 mm. Nje ya bushi ikerezwe 45.065.

Ukuta wa bushi ukiwa mwembamba, wa milimita 5, na nyumba ikiwa nene na ngumu, tundu la bushi litapungua kwa kati ya robo tatu ya mkazo na mkazo wote. Chukua asilimia 85, ambayo ni kama 0.038 mm. Nafasi ya kutosha grisi kwa shafti ya kuzunguka ni sehemu moja hadi mbili za elfu ya kipenyo, kwa hiyo hapa tuseme 0.05. Tundu la mwisho liwe 35.02. Usipotaka kurima (kupanua tundu kwa rima, chombo chenye makali marefu) baada ya kupiga, kereza tundu 35.06 mezani. Ukitaka kurima, kereza 34.95, likishapigwa litasoma karibu 34.91, na rima itakuwa na 0.11 mm ya kula, ambayo ndiyo saizi yake. Ukiiachia chini ya 0.05 itasugua tu bila kukata. Ukiiachia zaidi ya 0.15, rima ya mkono itahangaika na kutetemeka.

Nyumba ikiwa ya alumini, au ya chuma chembamba, hesabu inabadilika. Nyumba nayo inatanuka, na tundu la bushi hupungua kidogo, pengine nusu tu ya mkazo. Hapo njia salama ni kuacha nyama ya kurima na kupima upya baada ya kupiga. Nyumba nyembamba ya chuma cha kumimina usiipe mkazo mkubwa hata kidogo. Ikipasuka hakuna namba itakayokuokoa.

Jambo moja kuhusu joto, kwa sababu pwani hii halina mzaha. Bushi ya bronzi iliyotoka kwenye kisu ikiwa na nyuzi 65 wakati karakana ina nyuzi 30 imetanuka. Kwa kipenyo cha 45 mm, tofauti ya nyuzi 35 inaongeza karibu 0.028 mm. Ukiipima hapo hapo ukaridhika, ikipoa umepoteza zaidi ya nusu ya mkazo wako. Iache ipoe mezani pamoja na maikromita na shafti, vyote kivulini, ndipo upime. Kwamba karakana yenyewe ina nyuzi 31 badala ya 20 za vitabuni si tatizo kubwa. Kinachoharibu ni kipande kimoja kuwa cha moto na kingine baridi.

Dalili: bushi inang'oa shaba wakati wa kupigwa

Unaona pete nyembamba ya shaba imejikunja mdomoni mwa nyumba. Bushi imeingia, fundi anafurahi kwamba imekaza. Haikukaza, imenyolewa. Ukingo mkali wa nyumba umekuwa kisu na kuondoa ule mkazo uliokereza kwa uangalifu. Bushi hiyo itazunguka au itatoka yenyewe ndani ya wiki chache. Itoe, ipime nje, utaona imepungua. Usiirudishe.

Sababu mara nyingi ni mdomo wa nyumba usiolazwa (ukingo wake haujakatwa mshazari), au bushi isiyo na mteremko mbele. Laza mdomo wa nyumba kwa nyuzi 30 hivi, upana wa milimita moja hadi mbili. Mbele ya bushi weka mteremko mrefu na mpole zaidi, wa nyuzi 15 hadi 20. Ondoa makali yote kwa msasa mwembamba, futa, paka mafuta mepesi kabla ya kusukuma.

Sababu ya pili ni kuingia kombo. Nyundo ya moja kwa moja juu ya bushi huipeleka upande, na pia hupanua mdomo wake kama uyoga. Tengeneza chuma cha kusukumia chenye ngazi: sehemu ya mbele iingie ndani ya tundu la bushi kwa nafasi ya 0.1 mm, kisha bega lake lisukume uso wote wa bushi. Kumbuka tundu litapungua likiingia, hivyo pale mbele pakiwa na nafasi ndogo mno, bushi itakibana chuma chako na utahangaika kukitoa. Kama hakuna presi, boliti ndefu ya nyuzi nene, nati na washa nzito mbili hufanya kazi nzuri kuliko nyundo yoyote.

Njia inayopendeza zaidi, hasa kwa mji wenye friza za samaki, ni kuipooza bushi. Bushi yetu ya 45 mm ikitoka nyuzi 32 hadi nyuzi 18 chini ya sifuri inapungua karibu 0.04 mm, yaani karibu mkazo wote. Iweke usiku kucha ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Nyumba nayo, ikiwa ni kipande kinachobebeka, ichovye kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Tundu la 45 mm linapanuka 0.03 mm na kitu. Vikikutana, bushi inaingia kwa kusukumwa na kiganja. Lakini kila kitu kiwe tayari: nyumba ifutwe ikauke, alama ya tundu la grisi iwe imechorwa, chuma cha kusukumia kiwe mkononi. Hewa yetu ina unyevu mwingi, bushi ikitoka kwenye friza inavaa umande papo hapo. Ifute mara moja kwa kitambaa kikavu na uisukume. Una muda mfupi sana kabla haijarudi saizi yake. Ikikwama nusu, usiipige ovyo, malizia kwa boliti.

Gesi ya kukatia usiitumie kuipasha nyumba. Inapasha upande mmoja, tundu linakuwa yai, na mipira ya sili iliyo karibu inaungua.

Dalili: bushi imeingia vizuri, shafti haiingii

Hapa ndipo vitabu vingi vya kazi hufungwa kwa hasira. Kabla ya kuchukua msasa, pima tundu la bushi likiwa ndani, mahali pale pale sita. Majibu yake ni ya aina tatu.

Tundu ni dogo sawasawa kote. Hukuhesabu kupungua, au mkazo ulikuwa mkubwa kuliko ulivyodhani. Hii ndiyo nyepesi: rima kwa saizi, kwisha.

Tundu ni dogo mdomoni tu. Nyundo imepanua uyoga kwa ndani pia. Laza ukingo wa ndani kwa kikwangulio, upime tena. Ukikuta uyoga umeingia zaidi ya milimita tatu, rima tundu lote.

Tundu ni yai: upande mmoja unasoma 34.99, wa pili 34.91. Bushi nzima imefuata umbo la nyumba. Shaba ni laini kuliko chuma, na nyumba iliyolika kuwa yai itaifanya bushi mpya kuwa yai hata kama uliikereza duara kamili. Tofauti ya zaidi ya 0.02 mm kwenye nyumba usiikubali. Toboa nyumba ipanuke hadi duara lirudi, kisha kereza bushi yenye kipenyo cha nje kikubwa zaidi. Gharama ya kutoboa inaumiza, lakini bushi mbili zinazokufa ndani ya mwaka mmoja zinaumiza zaidi.

Kuna aina ya nne, ya hila, inayowapita hata mafundi wazuri. Unapima kila upande, kila mahali panasoma sawa, 35.02, lakini shafti ya 34.97 inakwama. Bushi nyembamba ilibanwa na taya tatu za mashine ya kereza, ikakunjwa kidogo kuwa na pembe tatu, ukaikereza ndani ikiwa hivyo. Ulipoifungua ilirudi, na tundu likabaki na mabega matatu. Maikromita na kipima tundu cha ncha mbili haviwezi kuliona umbo hilo, kwa sababu kila bega linatazamana na bonde, na jumla yake hubaki ile ile. Paka shafti rangi ya buluu ya fundi, au hata wino, izungushe ndani taratibu: ukiona madoa matatu yaliyoachana sawasawa, umempata mwizi. Dawa ni kukereza nje na ndani kwa kubana mara moja tu, kutoka kwenye fimbo ya bronzi iliyo nzima, kisha kukata kipande mwishoni. Kwa bushi zenye ukuta wa chini ya milimita 4 usifanye kwa njia nyingine.

Dalili: inaingia kila bushi peke yake, haipiti zote mbili

Hii ni ya kingpini, na pia ya mikono mirefu ya mashine za kubangua korosho. Bushi ya juu ni nzuri, ya chini ni nzuri, pini inateleza kwenye kila moja, lakini ukiipitisha yote inagoma katikati ya njia. Bushi hazitazamani. Huenda kila moja ilirimwa kivyake na rima fupi, ikajiongoza kwa tundu lililo kombo.

Rima sahihi ya kingpini ni ndefu, yenye sehemu laini ya kuongozea inayokaa kwenye bushi ya pili wakati makali yanakula ya kwanza. Zungusha upande mmoja tu, mbele, hata unapoitoa. Ukiirudisha nyuma, chenga zinaingia kati ya makali na bushi na kukwangua mistari ambayo grisi haitaiziba. Safisha chenga mara kwa mara, tumia mafuta mepesi.

Rima butu ina tabia ya kudanganya kwenye bronzi. Haikati, inasukuma, na shaba inarudi nyuma makali yakishapita. Tundu linabaki dogo kuliko rima yenyewe, na fundi anasema rima ni fupi ya saizi. Ikiwa chenga zinatoka kama unga badala ya vipande vinavyong'aa, makali yamekwisha.

Dalili: ilizunguka kwa mkono, baada ya dakika ishirini imekaza

Shafti ilipimwa baridi, bushi ilipimwa baridi, nafasi ipo, ukizungusha kwa kidole inatembea. Kazi ikianza, joto linapanda na kila kitu kinakwama. Angalia nafasi kwanza. Chini ya sehemu moja ya elfu ya kipenyo hakuna pa kukaa grisi, na bushi iliyofungwa ndani ya nyumba ngumu ikipata joto inatanukia ndani, kwa shafti.

Kama nafasi ni sahihi, fuata njia ya grisi. Tundu la grisi la bushi lilikaa mbele ya nipo (chuchu ya kuingizia grisi)? Ikizunguka hata milimita tatu wakati wa kupigwa, tundu linafunikwa, na unasukuma grisi kwenye ukuta. Chora alama kwenye uso wa bushi na wa nyumba kabla ya kuanza. Kama ulitoboa tundu baada ya kupiga, bushi ina vipele vya shaba ndani kwenye ukingo wa tundu. Viondoe kwa kikwangulio, usiviachie shafti. Hakikisha pia grisi ya zamani inatoka pande zote mbili unaposukuma mpya. Ikitoka upande mmoja, nusu ya bushi ni kavu.

Mfereji wa grisi una kanuni yake. Kwa shafti inayozunguka, uwe upande usiobeba mzigo, na usifike kwenye ncha za bushi, la sivyo grisi inamwagika. Kwa kingpini na kwa mikono inayokwenda na kurudi ni kinyume: shafti haizunguki ya kutosha kuibeba grisi yenyewe, kwa hiyo mifereji kadhaa ya urefu ienee kuzunguka bushi hadi eneo linalobeba mzigo. Kuweka mfereji mmoja wa mashine ya kusaga kwenye bushi ya kingpini ni sababu ya kawaida ya kingpini kukauka wakati nipo zinaonekana zimejaa.

Dalili: bushi inazunguka pamoja na shafti

Wengi wanasema mkazo ulikuwa mdogo. Inawezekana, na hesabu ya mwanzo itakuambia. Lakini kuna njia nyingine ya kufika hapo, na ukiikosa utakereza bushi kubwa zaidi nayo itazunguka vilevile.

Bushi ikikosa grisi inapata moto kuliko nyumba yake. Inataka kutanuka, nyumba inaikatalia, na shaba ikishabanwa kupita uwezo wake inakubali kupondwa. Ikipoa inapungua kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa ilipoingia. Mkazo umekwisha bila mtu kugusa. Kwa hiyo bushi iliyozunguka itazamwe ndani kwanza: kama imebadilika rangi, ina mistari mizito au shaba imepakwa kwenye shafti, ugonjwa ulianza kwenye grisi au nafasi, na kuzunguka ni matokeo tu.

Kama tundu la nyumba limepanuka kidogo na bado ni duara, kuna gundi maalumu za kushikia bushi zinazoziba pengo dogo, nazo hufanya kazi vizuri ikiwa vyuma vimesafishwa mafuta kabisa. Kipande cha kopo la soda na nukta za ponchi kwenye tundu si dawa. Vinashikilia bushi kwa sehemu chache tu, sehemu nyingine zinabaki wazi, joto halipati pa kutokea, na tundu la bushi linakuwa la mawimbi. Ni bora kumwambia mwenye lori kwamba nyumba inahitaji kutobolewa, na ni vizuri kumwambia kabla ya kuanza kazi.

Boti: soma uchakavu kabla ya kutengeneza

Kwa boti za injini ya ndani kutoka Mikindani hadi Kilwa Kivinje, bushi ya shafti ya nyuma inazungumza, ukijua kuitazama. Itoe, iweke karibu na shafti.

Bushi imelika upande mmoja, shafti imelika kuzunguka yote: mzigo unatoka upande mmoja daima. Injini na shafti havitazamani. Bushi mpya hapo ni kupoteza fedha. Linganisha nyuso za kaplingi (kiungo cha injini na shafti) kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia pengo), boti ikiwa majini na imekaa siku moja au mbili, kwa sababu mbao hubadilika umbo zikibebwa na maji. Tofauti kati ya juu na chini, kushoto na kulia, isizidi 0.1 mm kwa kila milimita 100 za kipenyo cha kaplingi.

Bushi imelika kuzunguka yote, shafti imelika upande mmoja: mzigo unazunguka na shafti. Shafti imepinda, au propela imepoteza uwiano baada ya kugonga mwamba. Weka shafti kwenye vitegemeo viwili, zungusha chini ya saa ya kupimia.

Shafti imelika sana, bushi karibu nzima: mchanga. Boti inayokaa kwenye tope maji yakitoka hubeba mchanga hadi kwenye bushi, chembe zinazama kwenye shaba laini na kuigeuza kuwa jiwe la kunolea. Usiirudishe bushi hiyo hata kama kipimo chake bado ni kizuri. Na kwa bushi ya grisi ya baharini, ipe nafasi kubwa kuliko ya mashine ya nchi kavu, karibu mara mbili, kisha tumia grisi isiyooshwa na maji.

Dalili ya kipekee ya pwani: boti ilitoka vizuri, baada ya siku kadhaa majini shafti imekaza. Uliza bushi ni ya nini. Kama ni nailoni, umepata jibu. Nailoni inakunywa maji, na ikishiba inaweza kukua asilimia 2 hadi 3. Ukuta wa milimita 5 ukikua asilimia 2 unaongeza 0.1 mm kila upande, na kwa kuwa nyumba inauzuia usikue nje, tundu linapungua 0.2 au zaidi. Nafasi yote imekwisha.

Tumia plastiki isiyokunywa maji. Polietilini ngumu ile nyeupe, inayoteleza kama nta, inafaa, na ni rahisi kuitambua: tupa kipande chake kidogo kwenye ndoo ya maji, kitaelea. Nailoni inazama. Muuzaji akikuambia ni kitu kile kile, fanya jaribio hilo dukani kwake.

Shaba ya njano nayo haifai chini ya maji ya bahari. Ina zinki nyingi, na chumvi huitoa zinki polepole na kuacha shaba yenye rangi ya waridi, iliyojaa vitundu, inayomeguka kwa ukucha wa bisibisi. Kipimo cha nje kinaweza kubaki kile kile huku nguvu imekwisha. Kwangua uso kidogo kwa tupa: njano angavu ni shaba ya zinki, wekundu wa kahawia ni bronzi. Bushi za njano ziache kwa mashine za kubangua na milango ya maghala. Ukikuta moja kwenye boti, toa bushi, kisha kagua pia skrubu na vali za maji zilizofungwa na fundi yule yule, kwa sababu mara nyingi zilitoka kwenye fimbo moja.